Tiba ilipimwa Kivu, lakini mgonjwa wa Kivu haipati

Mkaaji wa Goma akivunjika mguu, majirani wanajua wampeleke wapi. Akishikwa na malaria, hakosi kituo cha afya au duka la dawa karibu na nyumbani. Lakini akisema kwamba miezi sita sasa halali usiku, kwamba anashtuka kila mlango unapogongwa, kwamba hataki tena kwenda sokoni wala kuonana na watu, hapo majibu yanakuwa matatu tu. Mmoja anamwambia aende kwenye chumba cha maombi. Mwingine anamwambia anunue vidonge vya usingizi. Wa tatu anamwambia avumilie, kwa sababu kila mtu ameona vita.

Ni wachache watakaomwambia kwamba kuna tiba ya maneno na mazoezi, isiyo na sindano wala kulazwa hospitalini. Na wachache zaidi wanajua kwamba tiba hiyo ilipimwa hapa hapa Kivu, na akina mama wa vijiji vya Kivu, na kwamba ilifanya kazi.

Hilo ndilo jambo la kuuma. Mashariki mwa Congo ilitoa ushahidi ambao leo unasomwa katika vyuo vya dunia nzima, lakini mkaaji wa mashariki mwa Congo anayetafuta tiba hiyo leo hajui abishe mlango gani.

Tiba yenyewe ni nini

Wataalamu wanaiita tiba ya fikra na mwenendo. Kwenye karatasi za Kifaransa inaandikwa TCC. Ilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1960, na jina linalotajwa zaidi ni la daktari Aaron Beck, aliyefariki mwaka 2021. Beck aliona kwamba mtu mwenye huzuni nzito anabeba maneno yanayojirudia kichwani: mimi sifai, kosa ni langu, hakuna kitakachobadilika. Anayaamini bila kuyapima, na maneno hayo yanaongoza mwili wake na matendo yake.

Mfano mmoja unatosha. Mama anauza sambaza kwenye soko la Kadutu, Bukavu. Siku moja risasi zinalia, watu wanakimbia, naye anampoteza mdogo wake katika msukumano. Tangu siku hiyo, pikipiki ikipiga kishindo, moyo wake unaenda mbio na jasho linamtoka. Anafunga beseni, anarudi nyumbani. Nyumbani anapata nafuu, kwa hiyo kesho yake haendi. Kesho kutwa pia haendi. Wiki ya tatu mtaji umekwisha. Na usiku neno moja linamrudia: ningemshika mkono, asingekufa, mimi ndiye niliyemuua.

Mtaalamu wa tiba hii hamwambii asahau. Hamwambii pia kwamba yote yatakuwa sawa. Anamuuliza maswali. Dakika ile, ulikuwa unajua nini? Nani alifyatua risasi? Jirani yako angepatwa na jambo hilo hilo, ungemwambia yeye ndiye muuaji? Polepole mama mwenyewe anaanza kutenganisha huzuni, ambayo ni haki yake, na lawama, ambayo si yake.

Kisha yanafuata mazoezi. Siku ya kwanza anasimama na jirani yake kwenye kona ya avenue, dakika kumi tu. Siku nyingine anafika pembeni mwa soko. Baadaye anaweka beseni lake chini na kuuza saa moja. Kila mara anaona kwamba moyo unaenda mbio, halafu unatulia, naye hakufa. Mtaalamu hamfundishi kudharau hatari. Risasi za kweli zikilia, akimbie kama wengine. Anamfundisha kutofautisha hatari ya leo na kumbukumbu ya jana.

Tiba hiyo ina mwanzo na ina mwisho. Mara nyingi inachukua vikao kati ya 5 na 20, na katikati ya vikao mgonjwa ana mazoezi ya kufanya nyumbani.

Mtihani wa vijiji 16

Mwaka 2013, jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kivu. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walichukua vijiji 16 na kuvigawa kwa bahati nasibu. Katika vijiji vya upande mmoja, wanawake waliobakwa walipata tiba ya jamii hii: kikao 1 cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Katika vijiji vya upande mwingine, wanawake wenye mateso kama hayo walisikilizwa na kusaidiwa mmoja mmoja, kama mashirika mengi yanavyofanya.

Upande wa tiba walikuwa wanawake 157. Upande wa pili walikuwa 248. Miezi sita baada ya vikao kwisha, waliobaki na dalili za huzuni nzito au hofu kali walikuwa asilimia 9 upande wa tiba, na asilimia 42 upande wa pili. Kwa dalili za trauma, matokeo yalifanana na hayo. Ni kweli kwamba si wote waliofuatwa hadi mwisho: upande wa tiba, asilimia 65 ndio waliopimwa mara zote tatu. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa.

Nani waliotoa tiba hiyo? Si madaktari waliotoka Ulaya. Ni wanawake wa Congo, wale wanaoitwa APS, wenye miaka michache ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa ili washike kwa kichwa bila karatasi. Na vita havikuwa vimekwisha. Vikao vilifanyika katika maeneo ambayo usalama wake ulikuwa wa wasiwasi.

Kuna jambo jingine dogo katika utafiti huo ambalo kila mwenye kutafuta mtaalamu angepaswa kulijua. Kati ya vijiji 16, kimoja kiliondolewa, kwa sababu watafiti walikuwa na mashaka juu ya uwezo wa APS wa pale. Maana yake ni kwamba tiba haiko katika jina wala katika kitambulisho. Iko katika mikono ya anayeitoa.

Mwaka huo huo wa 2013, watafiti wa Belfast walichapisha utafiti mwingine, wa wasichana 52 wa Congo wenye umri wa miaka 12 hadi 17 waliopitia vita na kutumiwa kwa ngono. Hao nao walipata tiba ya jamii hiyo katika vikundi, na dalili zao zilishuka sana. Kwa hiyo si bahati ya mara moja.

Mradi unafika, mradi unaondoka

Ikiwa ni hivyo, kwa nini haipatikani? Kwa sababu mara nyingi ilifika kama mradi, na mradi una tarehe ya kuisha.

Wakaaji wa mashariki wanaijua njia hiyo. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, wanasaikolojia na APS walionekana Beni, Butembo na Mambasa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wengine waliitwa kusaidia waliopoteza nyumba. Baada ya vita vya Januari 2025 mjini Goma na vya Februari huko Bukavu, mahitaji yalipanda tena. Lakini mwaka huo huo Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kufunga shirika lake la USAID, na miradi mingi ya afya ikasimama.

Mradi ukifika, APS anapata mafunzo, fulana na mshahara. Mradi ukiisha, fulana inarudishwa, naye anarudi kuuza makala au kufundisha shule ya msingi. Ujuzi wake unabaki kichwani bila mtu wa kuutumia. Mgonjwa aliyekuwa amefikia kikao cha sita anakuta mlango umefungwa. Hakuna anayekubali dawa za kifua kikuu zikatwe katikati. Dawa ya moyo inakatwa katikati, na watu wanaona ni kawaida.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Si wote wanaohitaji kulazwa. Si wote wanaohitaji vidonge. Wengi wangesaidiwa na vikao vichache vinavyofanywa vizuri, karibu na nyumbani, kwa lugha yao.

Mwenye kutafuta aulize nini

Mgonjwa hawezi kusubiri serikali iamke. Leo hii yuko mtu Goma, Uvira, Bunia au Kalemie anayetafuta msaada kwa ajili yake au kwa ajili ya mtoto wake. Mtu huyo ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kufungua moyo wake, kama anavyouliza bei kabla ya kununua.

Swali la kwanza: ulisomea nini, na ulifundishwa TCC wapi? Mwanasaikolojia, yule ambaye wengi mjini humwita psikologi, anaweza kuwa na digrii nzuri bila kuwa amefundishwa kutibu kwa njia hii. APS asiye na digrii anaweza kuwa amefundishwa vizuri. Anayejua kazi yake hakasirikii swali hilo.

Swali la pili: nani anakusimamia? Anayetoa tiba hii anahitaji mtu mwenye ujuzi zaidi wa kumuuliza anapokwama. Anayefanya kazi peke yake, bila kumwuliza mtu yeyote, ni wa kuangaliwa kwa makini.

Swali la tatu: vikao vitakuwa vingapi, kila kimoja kinadumu muda gani, na kinalipiwa franka ngapi? Asiyeweza kusema hata kwa makadirio, mgonjwa atazunguka kwake mwaka mzima akimwaga pesa.

Swali la nne: nitafanya nini nyumbani, na tutajuaje kwamba ninapona? Tiba hii ina mazoezi na ina vipimo. Kama kila wiki ni kusikilizwa tu na kuambiwa pole, hiyo ni faraja, na faraja ina thamani yake, lakini si tiba hii.

Swali la tano: maneno yangu yatabaki hapa? Kwa aliyebakwa, kwa kijana aliyetoka msituni na bunduki, siri ni uhai. Mtaalamu anapaswa kueleza tangu siku ya kwanza ni nini anachoandika, kinafungiwa wapi, na ni katika hali gani tu anaweza kumwambia mtu mwingine, kwa mfano mgonjwa akitaka kujiua.

Lugha nayo si jambo dogo. Mtu analia kwa lugha aliyonyonya. Anayewaza kwa Kinande, Mashi, Kihema au Kifuliru asione haya kuuliza kama kuna anayeisikia. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzake aseme hivyo bila kuomba msamaha.

Ziko pia alama za kukimbia. Anayeahidi kuponya kwa siku moja. Anayemlazimisha mtu kusimulia ubakaji mbele ya watu au mbele ya kamera. Anayefunga wagonjwa kwa kamba au minyororo. Anayedai ngono au zawadi. Anayekataza dawa zilizoandikwa na daktari. Huyo, hata akivaa koti jeupe au kushika Biblia, si mtaalamu.

Na ikiwa mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, ikiwa ameacha kula, au ikiwa anasema wazi kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake na asisubiri kikao cha wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tiba ya maneno ina mipaka yake, na mtaalamu wa kweli anaijua mipaka hiyo.

Milango ya kuanzia ipo. Goma ina kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu ina SOSAME. Vyote viwili vinahusiana na ndugu wa Frères de la Charité na vinatunza magonjwa ya akili. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, inajulikana kwa kuunganisha matunzo ya mwili na ya moyo kwa wanawake waliobakwa. Kisangani ina fakulte ya saikolojia na elimu tangu miaka ya 1970. Kijijini, mlango wa kwanza ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ambaye anaweza kuuliza hospitali kuu ya rufaa ya eneo lake. Kwenda kwenye kituo cha akili si kukiri wazimu. Ni kuuliza njia.

Wanaosema tiba hii si ya hapa

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwenye njaa hahitaji maneno. Hoja hiyo inastahili jibu. Ni kweli kwamba tiba hailishi mtu. Lakini mama asiyeweza kufika sokoni hatauza, na baba anayekesha usiku hatalima asubuhi. Mtaji ukitolewa kwa mtu ambaye moyo wake umefungwa, unakwisha kabla ya mwezi. Chakula na tiba havishindani.

Kuhusu Wazungu, mbinu ilitoka mbali, kama vile kwinini na chanjo zilivyopita mikono mingi kabla ya kufika hapa. Lakini akina mama wanaokaa pamoja, wanaosikilizana na kushauriana juu ya jambo lililomkuta mmoja wao, hilo halikuletwa na ndege.

Wapo pia wanaosema maombi yanatosha. Hakuna anayemkataza mtu kusali, na makanisa na misikiti imebeba mizigo ambayo serikali iliikimbia. Lakini mchungaji anayempeleka muumini mwenye malaria hospitalini haonekani amepungukiwa na imani. Afanye vile vile kwa asiyelala. Sauti yake inasikika kuliko tangazo lolote la wizara.

Kazi iliyobaki

Congo ina Programu ya Taifa ya Afya ya Akili. Jina lipo, ofisi ipo. Kinachokosekana ni mtu kwenye kituo cha afya. Hapo ndipo mambo matatu yanahitajika, na hakuna hata moja linalodai jengo jipya.

La kwanza, APS na wauguzi waliokwisha kufundishwa na miradi waandikwe kwenye orodha moja katika kila jimbo, wapimwe uwezo, na walio wazuri walipwe kama wafanyakazi wa afya. Kijiji kile kilichoondolewa kwenye utafiti kinakumbusha kwa nini kipimo ni lazima. Kulipwa nako ni lazima, kwa sababu asiyelipwa ataondoka.

La pili, kila zone ya afya iwe na watu wawili wanaoweza kutoa tiba fupi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2016 kitabu cha vikao 5 kilichotengenezwa ili kitumiwe na watu wasio wataalamu, na kinapatikana bila malipo. Kilijaribiwa na wanawake wa Nairobi na watu wazima wa Peshawar, huko Pakistani, na matokeo yalikuwa mazuri. Hakuna sababu ya Walikale au Fizi kusubiri.

La tatu, wafadhili waache kuanzisha vikao wasivyoweza kuvimaliza. Mradi wowote wa tiba ya moyo uonyeshe kwenye karatasi, kabla ya dola ya kwanza kutoka, ni kituo gani cha serikali kitakachochukua wagonjwa siku mradi utakapofunga. Na yeyote anayeshika mji, leo au kesho, akumbuke kwamba muuguzi anayesikiliza wagonjwa si adui wa mtu.

Mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa uzazi bila malipo, na watu wengi hawakuamini kwamba itawezekana. Ilianza hata hivyo, pamoja na mapungufu yake. Aliyeweza kusema kwamba mama asilipie kuzaa, anaweza kusema kwamba mama aliyebakwa asizunguke mji mzima akitafuta wa kumtibu.

Wale wanawake 157 walitoa muda wao na siri zao ili dunia ijue kinachoponya. Dunia imejua. Mama wa Kadutu, ambaye beseni lake bado limefunikwa nyumbani, anastahili naye kujua, na mtu wa kituo cha afya cha karibu na kwake anastahili kuwa na jibu siku atakapobisha mlango.